Mwizi wa Gari Hafanyi Kazi Bila Mteja

Tangu niweke ile video ya vifaa vya kulinda gari, nimeulizwa swali moja na watu wengi mpaka nimeona bora niliandikie. Swali lenyewe: "Bro, hizi loki na traka zafanya kazi kweli, ama ni kutupa pesa?"

Jibu fupi ni kwamba zafanya kazi. Jibu refu ndilo hili unalosoma, na halitampendeza kila mtu, kwa sababu halimhusu mwenye Prado peke yake. Linamhusu soja wake, linamhusu fundi wetu wa mtaani, na linakuhusu hata wewe unayesema huna gari kwa hivyo hayakugusi.

Tuanze na wizi wenyewe. Wengi wetu tumekua na picha ya filamu: jamaa amevaa kofia, anavunja kioo, anachomoa nyaya mbili chini ya usukani, anazigusanisha, gari linanguruma. Hiyo ni hadithi ya gari la zamani. Gari la bei ya juu la leo mara nyingi halina hata tundu la ufunguo. Lina kitufe. Ufunguo unakaa mfukoni, gari linauhisi, mlango unafunguka, unabonyeza, unaenda zako. Raha hiyo hiyo ndiyo mwizi anaingilia.

Njia ya kwanza ni ya kuvuta mawimbi. Gari huita kwa mawimbi madogo, na ufunguo ukiwa karibu hujibu. Wezi wanakuja wawili. Mmoja anasimama karibu na ukuta wa nyumba na kifaa chake, mwenzake anasimama karibu na gari na kifaa cha pili. Vile vifaa vinapelekeana mawimbi, gari linadanganyika kwamba ufunguo uko hapo hapo, kumbe uko mezani sebuleni. Mlango ukafunguka, injini ikawaka. Na ikishawaka haizimiki kwa sababu eti ufunguo umebaki nyuma, maana gari kuzimika lenyewe katikati ya barabara ni ajali. Hakuna kioo kilichovunjika wala alamu iliyolia. Dakika moja, mbili, kwisha.

Njia ya pili haihitaji ufunguo hata kidogo. Gari la kisasa ni kama mwili wenye mishipa ya fahamu: taa, milango, breki na injini vyote vinaongea kwa waya mmoja. Mwaka 2022, mtafiti wa usalama wa magari kule London, Ian Tabor, alikuta bampa ya Toyota RAV4 yake imevutwa na waya za taa ya mbele zimechomolewa. Akadhani ni uhuni wa mtaani. Baadaye gari likaondoka kabisa. Kumbe watu walikuwa wanaitafuta ile mishipa kupitia kwenye taa. Unachomeka kifaa chako pale, kinajifanya ndicho kinachosoma ufunguo, kinaliambia gari "ufunguo ni halali," na gari linaamini. Tabor na mwenzake Ken Tindell walikichunguza kifaa kama hicho na kuyaandika matokeo mwaka 2023. Kilikuwa kimefichwa ndani ya spika ndogo ya JBL, ile ile aina tunayobeba tukienda ufuoni. Polisi akikusimamisha, wewe ni kijana na muziki wako.

Njia ya tatu ni ya kifundi. Chini ya usukani kuna tundu la kuchomeka mashine ya kupimia gari. Mtu mwenye programu sahihi anaweza kulitumia kutengeneza ufunguo mpya papo hapo. Halafu ziko zile za kienyeji ambazo hazijawahi kuisha: kunakili ufunguo gari likiwa gereji au linaoshwa, na kukodi gari kwa kitambulisho cha uongo usirudi tena.

Sasa nieleze kwa nini kijana wa Utange asiye na hata baiskeli amejifundisha haya yote.

Mzee wangu alikuwa soja upande wa Nyali. Alitoka nyumbani jioni akiwa na chakula chake kwenye kibakuli, akapanda matatu, akakesha mpaka asubuhi. Silaha yake ilikuwa rungu, tochi na filimbi. Alichokuwa akilinda ni magari mawili ambayo moja tu likiuzwa lingenunua nyumba zote za safu yetu na chenji ikabaki.

Usiku mmoja tajiri alikuwa na wageni. Uani kukajaa, gari lake moja likaegeshwa nje ya geti. Alfajiri halikuwepo. Hakuna kipande cha kioo chini, hakuna alama ya kukwaruza. Mzee akaulizwa: ulikuwa wapi? Akasema ndani ya geti, nilipoambiwa nikae. Ulisikia nini? Akasema sikusikia kitu.

Hilo la mwisho ndilo lililomponza. Gari zito namna ile liondoke na soja asisikie kitu? Basi ana lake huyu. Akalala ndani siku mbili. Akaachiwa kwa kukosa ushahidi, lakini kazi ilikuwa imeshaisha na mshahara wa mwezi ule ukaenda nayo. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo. Karo ilikuwa ikitoka kwenye ule mshahara na kwenye mboga za mama. Hesabu ya hapo mnaweza kuipiga wenyewe.

Siandiki haya mnionee huruma. Kamera inanilisha, alhamdulillahi, na mzee sasa hivi ana kibanda chake cha kuuza mkaa na anatusemesha sote kama meneja. Naandika kwa sababu "sikusikia kitu" haikuwa kauli ya mshukiwa. Gari la kisasa likichukuliwa na anayejua kazi yake, hakuna cha kusikia. Ukimya si ushahidi kwamba soja ameshirikiana na mwizi. Lakini nani wa kumtetea, ikiwa tajiri mwenyewe hajui gari lake linavyofunguka?

Hapo ndipo pana kinga ya kwanza isiyofanya kazi: binadamu mwenye rungu mbele ya mtu mwenye kompyuta. Yule soja hakuzuii kuibiwa. Anakupa wa kulaumu.

Tuje kwa swali kubwa zaidi. Gari likishatoka, linaenda wapi? Kwa sababu hakuna mtu anaiba Range Rover ili akaangalie machweo. Anaiba kwa sababu kuna anayesubiri.

Na hapa Mombasa imo kwenye ramani, hata kama gari limeibwa mbali. Miaka ya 2015 hivi, Lexus RX450h iliibwa London. Ilikuwa na traka. Wapelelezi wakaifuata kwenye skrini: ikavuka kwenda Ufaransa, ikapakiwa melini, ikapita Mashariki ya Kati, ikashuka hapa hapa Mombasa, kisha ikaingia Uganda. Polisi wa Uganda na wenzao wa Uingereza walipofuatilia zaidi, wakakuta si moja. Zilikuwa zaidi ya 20 zilizoibwa Uingereza. Mei 2019, pale bandarini, Mamlaka ya Ushuru na wenzao wakafungua kontena lililoandikishwa kama vitu vya nyumbani vilivyotumika, safari yake Uganda. Ndani wakakuta Range Rover zilizoibwa Uingereza.

Kwa nini huku kwetu? Sababu ya kwanza ni rahisi mpaka inachekesha: usukani. Uingereza wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani uko kulia. Ukiiba gari London, Ufaransa jirani halina soko zuri, lakini Nairobi na Kampala linaingia barabarani kama limezaliwa huko. Sababu ya pili ni kontena. Bandari inapokea masanduku mengi kila siku, na sanduku likiandikwa "viti na magodoro" halisimuliwi kama lile lililoandikwa "Range Rover." Sababu ya tatu ndiyo ninayotaka uishike: kuna mtu huku ana pesa mkononi na haulizi maswali.

Kwa hivyo ukiniuliza kinga zafanya kazi au hazifanyi, nami nakuuliza: kinga ya kumzuia nani?

Angalia ushahidi. Ule ufunguo wenye kichipu ndani, ambao bila hicho kichipu injini haiwaki, ulifanywa lazima kwa magari mapya Ulaya tangu 1998. Watafiti wawili wa Uholanzi, van Ours na Vollaard, walihesabu kwamba kifaa hicho kilipunguza wizi wa magari nchini mwao kwa takriban asilimia 40 kati ya 1995 na 2008. Na hiyo ni baada ya kutoa hesabu ya wezi waliohamia kwenye magari ya zamani yasiyo na kichipu. Kwa hivyo usiseme teknolojia ni bure. Imefukuza yule mwizi wa kubahatisha, anayeiba gari la kwenda nalo disko. Aliyebaki ni yule wa kazi maalumu, mwenye vifaa na oda.

Sasa sikia utafiti mwingine, ambao mimi binafsi ndio ulionibadilisha kichwa. Mwaka 1998 wachumi wa Marekani, Ian Ayres na Steven Levitt, walichapisha kazi kuhusu LoJack, kifaa cha redio kinachofichwa ndani ya gari ili polisi walifuate likiibwa. Ujanja wake: hakuna stika, hakuna alama, mwizi hawezi kujua gari lipi linacho. Matokeo yakawa kwamba pale kilipoingia, wizi ulipungua kwa mtaa mzima, hata kwa wasiokuwa nacho. Walikadiria aliyekinunua anapata chini ya asilimia 10 ya faida yote, inayobaki inaenda kwa watu wengine. Na polisi wakifuata lile gari moja, mara nyingine wanafikishwa kwenye karakana ambako magari mengi ya wizi yanakatwakatwa.

Linganisha na mambo yetu. Sisi tukifunga traka, kwanza tunabandika stika kubwa kwenye kioo: GARI HILI LINAFUATILIWA. Ile stika inamwambia mwizi mambo mawili. Moja, pita hapa nenda kwa jirani. Mbili, kama umekuja na kifaa cha kuziba mawasiliano, leo kitumie, kwa sababu traka inayotegemea setilaiti na laini ya simu inaweza kunyamazishwa. Vivyo hivyo na loki ya usukani inayoonekana kwa nje. Si mbaya, hata mimi ningeifunga, maana inamwongezea mwizi kelele na dakika. Lakini tusidanganyane, mara nyingi haiondoi wizi. Inausukuma mlango wa pili.

Na kuna mahali pabaya zaidi inapousukuma. Gari likishakuwa gumu kabisa kufunguliwa bila ufunguo, kuna mwizi atakayeamua kuutafuta ufunguo wenyewe. Ufunguo uko kwako. Uko na wewe kwenye geti usiku ukisubiri kufunguliwa. Ndiyo maana nawaambia watu, ukisimamishwa na mtu mwenye silaha, mpe. Gari lina bima, wewe huna spea. Na soja wako akisalimu amri mbele ya bunduki, usimwite mwoga.

Basi kinga gani nzuri? Nitakuambia kama ninavyomwambia binamu yangu anayeendesha gari la watu.

Kama gari lako ni la kubonyeza kitufe, ufunguo ulale ndani ya kifuko maalumu cha kuzuia mawimbi, usiwe karibu na mlango wala dirisha. Kijaribu: tia ufunguo ndani, simama kando ya gari, kama mlango bado unafunguka, umeuziwa pochi. Weka ile swichi ya siri ambayo mafundi wetu wanaita katauti, inayokata umeme au mafuta, na iwekwe na fundi unayemjua, mahali ambapo si pale pale anapowawekea watu wote. Katauti ina faida moja ambayo kompyuta haina: haiongei na waya ule mmoja, kwa hivyo haidanganyiki. Traka ifiche, stika tupa. Chonga namba ya gari kwenye vioo, taa na saidimira. Ukikuta bampa imevutwa au taa imechezewa, usicheke ukasema ni watoto. Na kama una soja, gari lisilale nje ya geti, mpe simu yenye salio, mwekee kamera, mwandikie kwa karatasi ni nini kazi yake na ni nini si kazi yake. Hiyo karatasi ingemsaidia mzee wangu kuliko rungu.

Mumeona hiyo ya kuchonga namba? Wengi huiona ya kishamba, gari la mamilioni limeandikwaandikwa kama sufuria za harusi. Kwangu mimi ndiyo kinga yenye akili kuliko zote, kwa sababu haishindani na mwizi. Inashindana na mteja wake. Saidimira yenye namba ya mtu ni mzigo, nani ataiweka kwenye gari lake?

Hapa ndipo tunapofika nyumbani sasa. Kwa kila gari zima linaloibwa, kuna mangapi yanayotolewa vipande: saidimira, taa, rimu, nembo? Kichekesho cha Wakenya mnakijua. Umeibiwa kioo Nairobi, unaambiwa nenda Grogan mapema ukakinunue kabla hakijapata mwenyewe mwingine. Tunacheka. Lakini fikiria kichekesho hicho kinasema nini. Kinasema sote tunajua soko liko wapi, na sisi ndio wanunuzi wake.

Mtaani kwetu, na mtaani kwako, kuna kijana anapita maskani na kitu kwenye gunia. Taa ya Harrier. Bei ya kutupa. Hakuna risiti, hakuna boksi, waya zimekatwa kwa haraka. Sote twajua. Halafu mtu anasema, "Mimi sijaiba, mimi nimenunua tu." Na mwenye gari aliyepoteza ile taa naye anasema soja alikuwa wapi.

Sheria ya Kenya, amini usiamini, imekaa upande mwingine kabisa na hiyo kauli. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 278A, inasema anayeiba gari anaweza kufungwa miaka 7. Kifungu cha 322, kinachomhusu anayepokea mali akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, kinafika miaka 14. Soma tena polepole. Anayeiba gari 7, anayepokea mpaka 14. Aliyeandika vile alijua kitu ambacho sisi hatutaki kukisema: mwizi ni mfanyakazi, mteja ndiye mwajiri.

Najua mtaniambia nini. "Bro, spea halali ni ghali." Kweli, ni ghali. Dereva wa teksi akivunjiwa taa, duka la kampuni linaweza kumpa bei ya kumlaza njaa, na spea za mtumba zipo halali kabisa, zinakuja kwa makontena kutoka Japani na Dubai na zinauzwa na watu wa heshima zao. Sisemi usinunue mtumba. Nasema nunua kwa mtu mwenye duka, mwenye jina, anayekuandikia risiti, na geuza ile taa uangalie kama imechongwa namba. Ukinunua gari zima, toa zile shilingi chache, chini ya elfu moja, utafute rekodi yake NTSA kupitia eCitizen, ulinganishe jina, namba ya injini na namba ya chasisi na kile unachokiona kwa macho yako. Muuzaji akianza kukwambia "logbuku iko kwa shangazi," rudi nyumbani ukale.

Kwa vijana wenzangu ambao gunia lile linapita mbele yenu kila wiki, nina moja tu. Yule anayenunua kwa bei ya kutupa hatalala ndani kwa ajili yako. Gari likipotea Nyali, msako hauanzi kwa mwenye oda. Unaanza kwa aliye karibu na aliye maskini: soja, mwoshaji gari, fundi, kijana wa maskani. Yule mwenye pesa anayesubiri kontena, jina lake hata hamlijui.

Kwa hivyo ndiyo, funga loki. Ficha traka. Lakini leo jioni kabla ya kulipia ile taa ya gunia, muulize aliyeileta: hapa ilipotoka, nani alikuwa zamu?